Walioingia Walihesabiwa, Walioondoka Hawakuonekana: Kisa cha Programu Moja ya Uzamivu Marekani

Kisa hiki kinahusu programu ya shahada ya uzamivu katika sayansi za tiba kwenye chuo kikuu kimoja cha utafiti nchini Marekani, mwishoni mwa miaka ya 2010. Niliitwa kama mtathmini wa nje. Jina la chuo, jimbo, fani za wahusika na kila kinachoweza kumtambulisha mtu nimeviondoa, hata idadi za wanafunzi. Wanafunzi wa makundi yenye uwakilishi mdogo walikuwa wachache kila mwaka, na ukiandika kwamba mmoja wa mwaka wa tatu aliacha baada ya kukosana na msimamizi wake, jengo zima litajua ni nani. Kwa hiyo msomaji atakuta mwenendo wa mambo bila hesabu zake. Palipo na tarakimu za utafiti, ni za tafiti zilizochapishwa hadharani.

Usuli

Katika utafiti wa tiba, Wamarekani wanaposema walio wachache hawamaanishi kila asiye Mzungu. NIH, yaani Taasisi za Taifa za Afya, ndizo mfadhili mkubwa wa utafiti huo, na kwa miaka mingi zilitaja makundi haya: weusi, Walatino, wenyeji wa asili wa Marekani na Alaska, na wenyeji wa Hawaii na visiwa vingine vya Pasifiki. Baadaye waliongezwa watu wenye ulemavu na waliokulia katika familia zenye dhiki. Wamarekani wenye asili ya Asia hawakuhesabiwa humo kwa sababu katika maabara wako wengi. Programu za kuwavuta vijana wa makundi hayo na kuwasomesha zilianza miaka ya 1970, na zikaongezeka nguvu baada ya mwaka 2011, jarida la Science lilipochapisha utafiti uliogusa watu pabaya. Utafiti huo ulionyesha kwamba uwezekano wa mwombaji mweusi kupata ruzuku ya NIH ulikuwa pungufu kwa pointi 10 za asilimia ukilinganisha na Mzungu, hata baada ya kuzingatia elimu, machapisho na historia ya mafunzo yao.

Kwa upande wa wanafunzi, Baraza la Shule za Uzamili la Marekani lilitoa ripoti mwaka 2015 kuhusu weusi na Walatino waliosomea uzamivu wa sayansi, uhandisi na hisabati. Waliomaliza ndani ya miaka saba walikuwa asilimia 44. Ukiwasubiri hadi miaka kumi, wanafika asilimia 54. Kuingia ni jambo moja, kutoka na shahada ni jingine.

Fedha nyingi za kuwasomesha watafiti chipukizi hupitia ruzuku inayoitwa T32. Chuo kinaomba, kinapewa nafasi kadhaa za posho na ada, kisha chenyewe kinachagua wa kuzijaza. Masharti yake mawili yana uzito katika kisa hiki. Kwanza, anayelipwa lazima awe raia au mkaazi wa kudumu wa Marekani. Aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi hagusi senti ya fedha hizo. Pili, katika miaka ninayoizungumzia, ombi lilipaswa kueleza mpango wa kuvuta wanafunzi wa makundi yenye uwakilishi mdogo, na wapimaji wa maombi waliusoma mpango huo. Chuo kilichoonyesha idadi inayopanda kilikuwa na la kujivunia.

Programu yenyewe ilikuwa ya mwavuli. Wanafunzi wote huingia kwa mlango mmoja bila idara. Mwaka wa kwanza wanasoma kozi na kuzungukia maabara tatu, kila moja kwa wiki kadhaa, ili wao na maprofesa wajuane. Mwishoni mwa mwaka kila mmoja anachagua maabara, anahamia idara ya profesa wake, na kuanzia hapo profesa ndiye anayemlipa kutoka kwenye ruzuku zake. Mwaka wa pili kuna mtihani wa kufuzu. Kinachofuata ni utafiti wenyewe, miaka mitatu, minne, wakati mwingine zaidi.

Ilikuwa na jina zuri. Sehemu ya wanafunzi wa makundi yenye uwakilishi mdogo ilikuwa imepanda kwa miaka mfululizo, na taarifa ya ndani ilisema karibu wote wanabaki. Shaka ilianzishwa na naibu amidi mpya, mtu wa takwimu. Alichukua orodha ya waliotetea tasnifu mwaka ule, akaiweka kando ya orodha ya walioingia miaka sita nyuma, akaona majina mengi mno hayana mwenzake. Ombi la kuongezewa ruzuku lilikuwa linakaribia. Ndipo nilipoitwa.

Yaliyotokea

Nilianza kwa kuomba orodha ya wanafunzi wote walioingia katika kipindi cha miaka kumi. Zikaja tatu: moja ya ofisi ya programu, ya pili ya msajili wa chuo, ya tatu ya uhasibu, kule posho zinakolipwa. Hazikulingana. Muda mrefu wa awali wa tathmini ulikwenda kwenye kuzipatanisha, na ninaamini humo ndimo ulimokuwa ugunduzi wenyewe. Kila tofauti kati ya orodha na orodha ilikuwa na mtu ndani yake.

Tofauti ya kwanza ilitokana na mwavuli. Ofisi ya programu ilimfuatilia mwanafunzi tangu anapoingia hadi anapohamia idara, basi. Takwimu yake ya "wanaobaki" ilikuwa ya mwaka mmoja. Akishahamia, anakuwa wa idara. Idara nazo zilikuwa nyingi, na kila moja ilihesabu wake kuanzia siku walipofika kwake. Aliyeacha mwaka wa tatu hakuwa hasara ya programu, na kwa idara alikuwa mtu mmoja tu aliyeondoka, kama wanavyoondoka watu. Hakuna aliyedanganya. Palikosekana tu mtu ambaye kazi yake ni kumhesabu mwanafunzi tangu mlango wa kuingilia hadi wa kutokea.

Ya pili iliniudhi zaidi. Mwanafunzi wa uzamivu anayeacha katikati mara nyingi hupewa shahada ya umahiri asiondoke mikono mitupu. Ni utaratibu wa kiungwana, na kwa wengine ndilo chaguo sahihi. Lakini kwenye mfumo wa msajili mtu huyo huandikwa kuwa amehitimu. Ukiuliza kompyuta wangapi wamehitimu na wangapi wameacha, anaangukia upande wa mafanikio, ingawa alikuja kutafuta uzamivu na kuukosa. Nilipowatenga waliotoka na umahiri, picha ya programu ilibadilika kwa kila kundi, Wazungu wakiwemo. Kwa weusi na Walatino ilibadilika zaidi.

Ya tatu inatuhusu sisi tuliotoka upande wa huku Afrika. Katika vipeperushi vya programu, na katika hesabu ya mdomo iliyokuwa ikitajwa vikaoni, wanafunzi weusi walijumlishwa pamoja: Mmarekani mweusi, mtoto wa wahamiaji wa Nigeria aliyezaliwa Marekani, na Mwafrika aliyetua mwaka jana kwa viza. Takwimu rasmi za serikali huwatenga wenye viza katika fungu lao bila kujali rangi. Taarifa za ndani hazikufanya hivyo. Sehemu ya ule mpando wa miaka mfululizo ilikuwa ni Waafrika wenye viza, watu ambao programu za NIH hazikuanzishwa kwa ajili yao na ambao T32 haiwezi kuwalipa.

Mmoja wao, nchi sitaitaja, alinigundua kwa lafudhi, na mazungumzo tuliyoyaanza kwa Kiingereza tukayamalizia kwa Kiswahili. Alisema picha yake imo katika kila tangazo la programu, lakini warsha za wanafunzi wa T32 haalikwi kwa sababu si wa T32. Alikuwa na hofu ambayo wenzake raia hawakuwa nayo. Msimamizi akimwacha, si posho tu inayokatika; na viza inaingia mashakani.

Baada ya orodha kupatana, tulijenga jedwali la kila kundi la mwaka: ameingia lini, amepitia maabara zipi, amechagua ipi, amefaulu mtihani wa kufuzu au la, yuko wapi sasa. Kuondoka kulikuwa na mahali pake. Mwaka wa kwanza karibu hakuna aliyeondoka. Wengi waliondoka kati ya kuchagua maabara na mtihani wa kufuzu, na baadhi muda mfupi baada ya mtihani huo.

Kamati ya udahili ilikuwa na maelezo yake tayari: vijana hawa huja na maandalizi hafifu. Ni maelezo ambayo nimeyakuta karibu kila mahali, na humfariji anayeyatoa maana yanaupeleka mzigo kwenye vyuo walikotoka. Yanapimika, kwa hiyo tukayapima. Je, walioondoka walikuwa wameshindwa kozi? Wengi wao walikuwa wamefaulu vizuri. Alama zao za GRE, mtihani wa kuombea masomo ya juu baada ya shahada ya kwanza, zilikuwa chini kuliko za waliobaki? Hapakuwa na mpangilio wa kueleweka, na hilo halikunishangaza, kwani mwaka 2017 tafiti mbili za vyuo vingine, Vanderbilt na North Carolina, zilikuwa zimeonyesha kwamba alama hizo hazitabiri nani atamaliza uzamivu wa tiba wala nani atachapisha zaidi. Ni haki kusema kwamba tafiti za aina hiyo huwaona waliokwisha kudahiliwa tu, si walioachwa nje. Lakini swali letu lilikuwa juu ya hao hao waliodahiliwa.

Tukageukia maabara. Walioondoka walikuwa wengi zaidi miongoni mwa wale ambao mwisho wa mizunguko mitatu hawakuwa na maabara iliyowapokea, au waliingia katika maabara ambayo haikuwa chaguo lao la kwanza wala la pili. Na kwa nini walikosa? Mahojiano yalionyesha jambo ambalo maprofesa walidhani kila mtu analijua. Nafasi katika maabara nzuri hupangwa mapema. Mwanafunzi aliyesoma shahada ya kwanza katika chuo kikubwa cha utafiti, pengine na mzazi profesa, humwandikia profesa barua pepe miezi kadhaa kabla ya kufika: una nafasi mwaka huu? Ruzuku yako inaisha lini? Wanafunzi wako waliomaliza wako wapi? Aliyetoka chuo kidogo, au chuo cha kihistoria cha watu weusi chenye maabara chache, alifika Agosti akiamini yaliyoandikwa kwenye mwongozo, kwamba wote wanaanza sawa na uchaguzi ni mwezi wa tano. Alizungukia maabara ya kwanza, profesa akamsifu, na mwisho wa mzunguko akaambiwa kwa upole kwamba nafasi imeshajazwa. Kumuuliza profesa habari za fedha zake aliona ni utovu wa adabu. Wengine walichagua maprofesa ambao ruzuku zao zilikuwa ukingoni, wakajua mwaka uliofuata.

Likajitokeza na suala la fedha za safari. Mwanafunzi akienda kwenye mkutano wa kisayansi alilipa tiketi, hoteli na usajili kwa kadi yake, akarudishiwa baada ya wiki nyingi. Kwa mwenye wazazi wa kumkopesha ni usumbufu. Kwa anayetuma sehemu ya posho nyumbani ni sababu ya kukataa mwaliko. Na asiyekwenda kwenye mikutano hajulikani.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu nani ahesabiwe. Mkuu wa programu hakutaka kuwatenga wenye viza. Hoja yake ilikuwa kwamba askari wa mlangoni anayemsimamisha mwanafunzi mweusi usiku haulizi pasipoti, na kwamba kuwatenga ni kuwagawa watu ambao tayari ni wachache. Hoja ina ukweli ndani yake. Tulikubaliana kuweka safu mbili: moja ya wanaostahili fedha za NIH, itakayojibu swali la ruzuku, na nyingine ya wote wanaoishi maisha ya mtu mweusi au Mlatino chuoni, itakayojibu swali la mazingira. Kila taarifa ilipaswa kusema inatumia safu ipi.

Pili, kila mwanafunzi angehesabiwa tangu alipoingia, na kipimo cha kumaliza kingekuwa uzamivu. Umahiri wa katikati ungeandikwa peke yake, bila kuitwa mafanikio wala kushindwa, hadi mhusika mwenyewe aulizwe. Tulikuta watu waliotoka na umahiri wakaenda kwenye kampuni za dawa kwa furaha. Tulikuta na waliotoka wakilia.

Tatu, asilimia zisitumike kwa kundi moja la mwaka. Katika kundi la wanne, akiondoka mmoja ni asilimia 25. Katika kundi la arobaini, mmoja ni 2.5. Taarifa za miaka ya nyuma zilikuwa zikipanda na kushuka kwa sababu hiyo tu, na kila mpando ulipewa sababu na kila mshuko ukapewa udhuru. Tuliunganisha makundi ya miaka mitano, tukaonyesha watu badala ya asilimia ndani ya ripoti ya siri, na katika nakala ya kusambazwa tukaficha kila kisanduku chenye watu chini ya kumi.

Uamuzi uliochukua mjadala mrefu zaidi ulikuwa wa kulinganisha na nani. Kusema "wetu wanamaliza kwa kiwango fulani" hakuna maana bila mwenzake wa kulinganishwa. Mfano bora ninaoufahamu ni wa programu ya Meyerhoff ya Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County, iliyoanzishwa mwaka 1988 kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Watathmini wake waliwafuatilia pia waliopewa nafasi wakaikataa na kwenda vyuo vingine, yaani watu waliovuka kigezo kile kile cha kuchaguliwa. Waliosoma ndani ya programu walionekana kuwa na uwezekano wa takriban mara tano wa kuendelea na uzamivu wa sayansi. Nilitaka tufanye vivyo hivyo. Haikuwezekana, maana kamati haikuwa imehifadhi kumbukumbu za waliokataa kwa namna ya kuwafuatilia, na waliokuwapo walikuwa wachache. Tukalinganisha ndani kwa ndani: wanafunzi wa makundi yenye uwakilishi mdogo na wenzao wa mwaka ule ule, katika maabara za aina ile ile. Ulinganisho huo ni dhaifu kuliko wa Meyerhoff, na ripoti ilisema hivyo.

Mahojiano yalifanywa na mtu wa nje asiye na sauti kwenye alama, posho wala barua za mapendekezo. Chuo kilikuwa na dodoso la kuaga ambalo halikuomba jina, lakini liliuliza mwaka wa masomo, idara na rangi. Ukijaza hayo matatu umejiandika jina. Haishangazi kwamba waliolijibu walisema wanaondoka kwa "sababu binafsi".

Kisha yakaja mapendekezo kwa maprofesa. Kabla ya mizunguko kuanza, kila profesa aandike kama ana nafasi, ngapi, na fedha za kuilipia zinafika lini. Maelezo hayo wayaone wanafunzi wote siku moja. Mwanafunzi aruhusiwe mzunguko wa nne bila kuonekana ameshindwa. Chuo kitenge posho ya muhula mmoja kwa anayebadilisha maabara. Kila mwanafunzi awe na mlezi wa pili asiye msimamizi wake. Fedha za safari zitolewe kwa masurufu, kabla ya safari. Na mwisho, jedwali la kila maabara litangazwe: waliingia wangapi, walimaliza wangapi, walitoka wangapi kabla ya kumaliza.

Kikao cha maprofesa kilipitisha yote isipokuwa hilo la mwisho. Walisema maabara ndogo itahukumiwa kwa mtu mmoja aliyeondoka kwa ugonjwa wa mama yake, na kwa hesabu ya idadi ndogo niliyokuwa nimewafundisha mwenyewe, walikuwa na hoja. Ilikubaliwa kwamba jedwali la maabara litaonwa na naibu amidi peke yake.

Matokeo

Tangazo la nafasi lilifanya kazi upesi kuliko tulivyotarajia. Katika makundi matatu ya mwaka yaliyofuata, tatizo la mtu kumaliza mizunguko bila maabara lilipungua sana kwa wanafunzi wote, na mzunguko wa nne ukatumiwa na Wazungu na Waasia kama walivyoutumia wengine. Masurufu yalileta vuta nikuvute na uhasibu, yakapita. Mlezi wa pili alibaki kwenye karatasi katika idara nyingi. Palipokuwa na profesa mwenye moyo alikuwapo, pasipokuwapo hakuna aliyeuliza.

Ombi la ruzuku lilipelekwa likiwa na jedwali jipya, ambalo lilionekana baya kuliko la ombi lililotangulia. Mkuu wa programu alishauriwa na wenzake arudi kwenye hesabu ya zamani, akakataa. Mara ya kwanza halikupata fedha. Lilipopelekwa tena, likiwa na maelezo ya hatua zilizochukuliwa na dalili za mwanzo, lilipata. Siwezi kudai kwamba ukweli wa jedwali ndio uliolipitisha. Maombi ya T32 huanguka na kusimama kwa mengi.

Upande wa kuvuta wanafunzi wapya, tathmini iligusa kidogo tu, nami nitapita haraka. Fedha nyingi zilikuwa zikienda kwenye meza za matangazo katika mikutano mikubwa ya kila mwaka ya wanafunzi wa makundi hayo, kama ule wa SACNAS, chama cha wanasayansi Walatino na wenyeji wa asili wa Marekani. Ukifuatilia walikotoka waliojiunga kweli, wengi walikuwa wamewahi kuja chuoni hapo kwa utafiti wa kiangazi, wakafanya kazi na mtu, wakamjua. Meza haikuwa bure, lakini haikuwa na uwiano na gharama yake.

Kisha mratibu wa programu, ambaye ndiye aliyekuwa akilihuisha jedwali, aliondoka kwa sababu kazi yake ililipwa na ruzuku na ruzuku ilikuwa imekatika kati ya ombi la kwanza na la pili. Kwa mwaka mzima hakuna aliyejaza kitu. Ilipokuja nafasi ya kujaza tena, watu kadhaa walikuwa wamekwishapotea kwenye kumbukumbu.

Uchambuzi

Kilichofanikiwa zaidi ni kuliuliza swali la "wanaondoka wapi" kabla ya "wanaondoka kwa nini". Swali la "kwa nini" huzaa maoni mengi kama waulizwao. Jibu la "wapi" huonekana kwenye jedwali, na likishaonekana, maelezo mengi yanakufa yenyewe. Nadharia ya maandalizi hafifu haikuhitaji kujibiwa kwa hotuba kuhusu ubaguzi. Ilijibiwa na alama za kozi za walioondoka, na walioishikilia walikuwa wanasayansi, wakanyamaza.

Jambo la pili ni kwamba hatua zilizodumu ni zile zilizobadilisha kanuni kwa kila mwanafunzi. Tangazo la nafasi za maabara halikumtaja mtu kwa rangi. Lilimwondolea kila asiyejua faida waliyokuwa nayo wanaojua, na waliofaidika zaidi walikuwa wale waliokuwa wakiumia zaidi. Nimesikia wakosoaji wakisema huko ni kukwepa suala la rangi. Sikubaliani nao kwa kisa hiki, ingawa nakubali kwamba yapo mambo ambayo kanuni ya jumla haiyafikii. Walichokieleza wahojiwa kuhusu maneno wanayoambiwa maabarani, au kudhaniwa kuwa wafagizi, hakikuguswa na tangazo lolote.

Kilichoshindikana kikubwa ni jedwali la maabara. Hoja ya idadi ndogo ilikuwa ya kweli, lakini dawa yake ilikuwepo: kuunganisha miaka kumi ya kila maabara, na kutangaza tu zile zenye wanafunzi wa kutosha. Hatukuisukuma. Tulijua kutokana na mahojiano kwamba sehemu ya walioondoka walitoka katika maabara chache zile zile, miaka nenda miaka rudi, na kwamba wanafunzi wa zamani waliwaonya wapya kwa minong'ono. Minong'ono hiyo iliwafikia wenye marafiki. Mwanafunzi pekee wa aina yake katika kundi la mwaka hana wa kumnong'oneza. Naibu amidi alipoondoka kwenda kwenye cheo kingine, mrithi wake hakujua kwamba jedwali lile lipo.

Kosa la muundo lilikuwa kulifanya jedwali la wanafunzi kuwa mali ya ruzuku. Ruzuku ina mwanzo na mwisho. Uzamivu mmoja unaweza kuvuka ruzuku mbili. Kazi hiyo ilipaswa kuwa ya msajili, yenye bajeti ya chuo. Nawaambia hili hasa wanaoendesha programu za mafunzo ya utafiti Afrika Mashariki, zikiwemo zilizozaliwa na mpango wa DELTAS Africa ulioanza mwaka 2015, kule wanakohesabiwa wanawake walioingia na vijana waliotoka mikoa ya pembezoni. Mfadhili akiondoka, ni nani atakayejua kwamba binti aliyeanza uzamivu miaka minne iliyopita alisimama, alisimama lini, na alikuwa chini ya msimamizi gani?

Kuhusu safu mbili za weusi, mjadala haujaisha. Baadhi ya Wamarekani weusi niliowahoji walisema waziwazi kwamba chuo kinapenda Waafrika kwa sababu ni njia nyepesi ya kujaza picha bila kugusa historia ya nchi. Baadhi ya Waafrika walisema wanatumika kwenye picha na kusahauliwa kwenye fedha. Malalamiko haya mawili hayapingani, ingawa vikaoni yalisikika kama ugomvi kati ya makundi mawili, na mkuu wa programu akawa anayaepuka.

Mazingira ya sheria nayo yamebadilika. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizuia vyuo kuzingatia rangi katika udahili, na mwaka 2025 NIH ilisitisha programu nyingi zilizolenga makundi yenye uwakilishi mdogo. Sehemu za mpango wa chuo hiki zilizotaja makundi kwa majina zimeondolewa. Tangazo la nafasi za maabara, mzunguko wa nne, posho ya anayebadilisha maabara na masurufu ya safari bado vinaendelea, kwa kuwa vimo katika mwongozo wa wanafunzi wote na havikuwahi kulipiwa na fedha za makundi hayo.